Mji Umetufikia Mlangoni: Nani Huamua Kipi Kianze?



Siku hizi swali tunaloulizwa sana tukizuru vikundi si la mbegu wala la kuku. Ni la mji. Mama anayeuza mboga kando ya barabara anasema hivi: kila siku nalipa ushuru wa soko, kila mwaka mwenye duka analipa leseni, mbona mvua ikinyesha tope linafika mpaka kwenye sukuma wiki, na kule ng'ambo wamewekewa taa ndefu ya mulika mwizi ambayo hata hawakuiomba? Swali hilo ni la haki kabisa. Jibu lake ni refu kidogo, lakini kikundi kikilijua kinaweza kufanya jambo. Kisipolijua kitabaki kulalamika kwenye matanga na kwenye steji.

Tuchukue mfano wa Ruiru, kaunti ya Kiambu, kwa sababu wengi wenu mmepita pale mkienda Nairobi. Wazee wanaoikumbuka Ruiru ya zamani wanakumbuka kahawa. Hata ile aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilipata jina lake kutoka kituo cha utafiti kilichoko huko. Leo sehemu kubwa ya mashamba yale imekatwa ploti na kujengwa nyumba za kupangisha za orofa tano, sita. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilikuta mjini Ruiru watu 238,858. Ile ya 2019 ikakuta 490,120. Yaani miaka 10 tu, na mji umezidi mara mbili. Barabara kuu ya Thika ilipanuliwa ikakamilika mwaka 2012, na barabara ya kando ya mashariki inaungana nayo pale pale Ruiru, basi watu wanaofanya kazi Nairobi wakaona ni afadhali kupanga huku.

Fikirieni boma lenye watu watano, choo kimoja na mtungi mmoja wa maji. Baada ya miaka kumi mmekuwa kumi na mmoja, na choo ni kile kile, mtungi ni ule ule. Ndivyo mji ulivyo. Na mahitaji ya mji hayapangi foleni. Maji, taka, barabara, zahanati, soko, chekechea, yote yanabisha mlango siku moja, na pesa ni zile zile. Ndiyo maana lazima kuwe na kuchagua kipi kianze. Kila mwaka kuna mtu anayechagua. Kama si nyinyi, ni mwingine.

KAZI NI YA NANI?

Kabla ya kuomba, jueni mnamwomba nani. Kikundi kimoja ninachokijua kilizunguka miezi mingi kikidai mashimo yazibwe kwenye barabara iliyopita mbele ya soko lao. Walienda kwa chifu, wakaenda kwa mwakilishi wadi, wakaandika barua mbili. Mwishowe kijana mmoja ofisini akawaambia, barabara hii si yetu, ni ya serikali ya kitaifa. Nauli yote ile ilikuwa imekwisha.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imegawa kazi. Kaunti imepewa barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho ya magari, masoko, uzoaji wa taka na majalala, zimamoto, usambazaji wa maji na usafi, zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Barabara kuu, polisi, shule za msingi na za sekondari ni za serikali ya kitaifa. Barabara kubwa za mjini nazo ziko chini ya mamlaka ya kitaifa iliyoanzishwa na sheria ya barabara ya mwaka 2007. Kwa hiyo kama shida ni wizi usiku, askari utamwomba serikali ya kitaifa, lakini taa utaiomba kaunti. Kama darasa la sita halina paa, msiende kwa gavana. Kama chekechea haina mwalimu, hapo nendeni.

Jambo moja huwachanganya watu: mbunge si kaunti. Mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, ambao wengi huuita CDF, ulianza mwaka 2003, miaka 10 kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Ulijenga madarasa mengi, na watu wakazoea kupeleka kila kitu kwa mbunge. Mtaro wa mtaani si wa mbunge. Ni wa kaunti, na anayeusemea katika bunge la kaunti ni mwakilishi wadi, yule mnayemwita MCA. Wazee bado humwita diwani. Si kosa kubwa, ila diwani wa zamani alikuwa chini ya Waziri wa Serikali za Mitaa, na huyu wa leo anapitisha bajeti yeye na wenzake.

PESA ZENYEWE

Kaunti hupata pesa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni mgao kutoka serikali ya kitaifa. Katiba inasema kaunti zote 47 kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Mwaka wa fedha wa 2023/24 mgao huo ulikuwa shilingi bilioni 385.4. Njia ya pili ni zile pesa mnazotoa nyinyi wenyewe: leseni, ushuru wa soko, maegesho, kodi ya ardhi.

Katika kugawana mgao ule, hesabu ya watu ni moja ya mambo yanayoangaliwa. Mtu huhesabiwa pale alipolala usiku wa hesabu. Mwaka 2019 usiku huo ulikuwa wa tarehe 24 Agosti. Mtu anayekaa mjini, anakunywa maji ya mjini, anatupa taka mjini, kisha usiku ule akasafiri nyumbani ili "tuwe wengi", amehesabiwa kule, na mzigo wake ameuacha huku. Simlaumu, nyumbani ni nyumbani. Nasema tu pesa hazikumfuata alipo.

Sasa zile pesa zikifika, haziendi zote kwenye barabara na mitaro. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka si chini ya asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iwe ya maendeleo, na kanuni zake za 2015 zinataka mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Tuseme basi una shilingi mia. Karibu thelathini na tano ni mshahara, nyingine ni dawa, mafuta ya magari, stima ya ofisi na madeni, na thelathini ndizo za kujenga. Hizo thelathini zigawanywe kwa kila idara na kila wadi. Ruiru peke yake ina wadi 8: Gitothua, Biashara, Gatongora, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani, Kiuu, Mwiki na Mwihoko, na hilo ni eneo bunge moja tu katika kaunti nzima. Mkiona hivyo mtaelewa kwa nini ombi lisiloeleweka linaachwa.

KALENDA INAYOTUANGUSHA

Hapa naomba msome polepole, kwa maana hapa ndipo vikundi vingi huanguka.

Mwaka wa serikali hauanzi Januari. Unaanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Juu ya kila kitu kuna mpango wa kaunti wa miaka mitano, ambao ofisini huuita CIDP. Wa kwanza ulikuwa wa 2013 hadi 2017, wa pili 2018 hadi 2022, wa tatu 2023 hadi 2027. Kitu kisichokuwa katika mpango huo ni vigumu sana kupata pesa. Kutoka humo, kila mwaka hutolewa mpango wa mwaka mmoja, na lazima ufikishwe katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mpango huo ni wa mwaka unaoanza Julai inayofuata. Halafu kufikia tarehe 28 Februari hutolewa karatasi inayosema kila idara itapata kiasi gani. Kufikia tarehe 30 Aprili makadirio ya bajeti yanapelekwa bungeni, na kufikia tarehe 30 Juni yanapitishwa.

Sasa angalieni mvua. Mvua ndefu hunyesha Machi mpaka Mei. Ndipo mtaro unafurika, ndipo watu wanakasirika, ndipo tunaenda kwenye mkutano wa bajeti mwezi wa Mei tukiwa na viatu vyenye tope. Kumbe orodha ya kazi ilifungwa Septemba iliyopita, na kiasi cha kila idara kiliamuliwa Februari. Mkutano ule tunaopiga kelele ni wa mwisho wa njia. Wajumbe wanaweza kubadilisha kidogo, lakini wakiongeza hapa lazima wapunguze pale. Na mwezi wa Agosti, jua likiwaka, vumbi tele, mtaro umekauka, nani anakumbuka mtaro? Mkutano wa mpango wa mwaka unaitishwa, wanakuja watu kumi na watano, na wanane kati yao ni ndugu za mtu.

Kwa hiyo mnachotaka kichimbwe baada ya Julai ya mwaka ujao kisemwe kabla ya Septemba ya mwaka huu. Andikeni tarehe hiyo kwenye kitabu cha kumbukumbu za kikundi, ukurasa wa kwanza.

MTARO AU TAA?

Nitasema maoni yangu waziwazi, na asiyekubali atuandikie. Katika mji unaokua haraka, kazi zinazoonekana hushinda kazi zilizofichwa. Lami inaonekana. Taa inaonekana usiku na mchana, na jina la mtu likiandikwa kwenye bango linasomeka. Bomba la maji taka liko chini ya ardhi, hakuna anayelipigia picha. Lakini ukiweka lami kabla ya mtaro na bomba, mvua ya kwanza inakula kando ya lami, na baada ya miaka miwili wanakuja watu wa maji kuichimba ili wapitishe bomba. Pesa zimelipwa mara mbili na barabara imerudi vumbi. Nimeona hivyo zaidi ya mara moja, mahali tofauti.

Chukueni maji. Bwawa la Karimenu II kule Gatundu Kaskazini lilijengwa ili lisaidie Ruiru na Juja pamoja na sehemu za Gatundu. Hilo ni jambo jema. Lakini bwawa si bomba la mtaani, na hata bomba likifika, maji yanayoingia katika nyumba ya orofa tano lazima yatoke. Yatatokea wapi? Kama hakuna bomba la maji taka, yanaenda katika shimo la choo, shimo linajaa kila mwezi, na lori la kunyonya choo ni bei. Mwenye nyumba mwingine anangoja usiku wa mvua anafungulia mtaroni. Asubuhi watoto wanavuka maji yale wakienda shule, na mama mboga ameweka gunia lake kando yake.

Haya si maneno ya kutisha watu. Oktoba 2022 kipindupindu kilianza katika kaunti hiyo hiyo ya Kiambu, kwa watu waliokuwa wamehudhuria arusi Limuru, kikasambaa kaunti nyingine nyingi na kuendelea mpaka mwaka uliofuata. Na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Si yote yangezuiwa na mtaro, hapana. Lakini mitaa mingi ya mjini ilijaa maji kwa sababu mitaro ilikuwa imezibwa na taka au imejengewa juu.

Kwa hiyo nikiulizwa kipi kianze, nasema njia ya maji kwanza: ya maji safi kuingia, ya maji machafu kutoka, na ya maji ya mvua kupita. Taka zinafuata karibu sana, kwa maana mtaro uliojaa taka si mtaro. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe, zinazooza mbali na zisizooza, na hapo vikundi vya vijana vina kazi ya kufanya na hata ya kulipwa. Halafu lami. Taa naziweka baada ya hapo, ingawa akina mama wanaofunga vibanda saa mbili usiku wameniambia nimekosea, na huenda wako sawa. Mtu anayeogopa kunyang'anywa mauzo ya siku hawezi kungoja bomba.

Kuna jambo lingine halitajwi sana mikutanoni, nalo ni ardhi ya umma. Shamba likikatwa ploti, ramani hutengwa sehemu za barabara, za shule, za soko au za zahanati. Miaka ikipita, ile nafasi ya barabara ya mita tisa inakuwa mita nne, na ploti ya shule imezungushiwa mabati. Hapo hata kaunti ikiwa na pesa za zahanati, itaijenga wapi? Kikundi kinachokaa mahali kinaweza kuomba kuiona ramani ya upimaji, kuchukua nakala na kuiweka. Inaweza kukaa miaka mingi bila kazi, halafu siku moja ikawa ndiyo karatasi ya maana kuliko zote sandukuni.

NAMNA YA KUOMBA

Nilihudhuria mkutano mmoja wa wadi, mahali sipataji. Ukumbi ulijaa, soda na mkate vilikuwapo. Watu walisimama mmoja mmoja. Huyu alisema maji, yule alisema barabara, mwingine alisema vijana hawana kazi. Karani alikuwa akiandika kwenye karatasi kubwa ukutani: maji, barabara, kazi. Mwisho kulikuwa na mistari zaidi ya thelathini, na kwa kweli hakuna mtu ambaye angeweza kujenga chochote kwa kuisoma ile karatasi. Maji wapi? Barabara ipi?

Halafu wakasimama watu wa kikundi cha walemavu. Walikuwa na karatasi moja, imeandikwa kwa mkono. Walisema njia kutoka stendi hadi zahanati haipitiki kwa kiti cha magurudumu mvua ikinyesha. Walikuwa wameipima kwa kamba. Walitaja inapoanzia na inapoishia, palipo na shimo kubwa, na idadi ya watu waliohesabu wakipita asubuhi ya siku ya kliniki. Wakasema wanaomba mtaro upande mmoja na changarawe iliyoshindiliwa. Walitia sahihi, wakaomba nakala yao igongwe muhuri. Ombi hilo halikuhitaji kufasiriwa na mtu. Liliingia vile lilivyo.

Hiyo nakala yenye muhuri ni muhimu kuliko hotuba. Ipelekeni kwa msimamizi wa wadi, na nyingine kwa mwakilishi wadi. Mji ukiwa umepewa hadhi ya manispaa, kuna bodi ya manispaa pia, na sheria ya miji ya 2011 inawapa wakazi nafasi ya kukutana na kutoa maoni juu ya huduma. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2019, na sasa mji wenye watu 50,000 unaweza kuwa manispaa, ambapo zamani ilikuwa 250,000. Kwa hiyo huenda soko lenu la mnada la juzi limekuwa manispaa na hamjui.

Vilevile kuna baraza la bajeti na uchumi katika kaunti, lililowekwa na ile sheria ya fedha ya 2012. Ndani yake wanatakiwa kuwamo wawakilishi wa wanawake, walemavu, wazee, wafanyabiashara na makundi ya dini. Ulizeni nani anakaa pale kwa niaba ya makanisa na misikiti. Kama hamjawahi kumwona, mwiteni aje kikundini awaeleze. Asipokuja, hilo nalo ni jibu.

BAADA YA BAJETI KUPITA

Kuona kazi yenu katika kitabu cha bajeti si mwisho. Mara nyingi kazi inaandikwa na pesa hazitumiki, au zinachelewa mpaka Juni, kisha kazi inasukumwa mwaka mwingine. Msimamizi wa Bajeti wa kitaifa hutoa taarifa kila miezi mitatu juu ya pesa ambazo kila kaunti imetumia, na taarifa hizo ni za wazi. Kijana mwenye simu anaweza kuzitafuta akawasomea wengine. Mkitaka habari zaidi, kama vile nani alipewa kandarasi na mtaro ulitakiwa kuwa na urefu gani, sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Andikeni barua, msiulize kwa mdomo. Swali la mdomo hujibiwa "njoo kesho".

Na bunge la kaunti linapokea malalamiko rasmi ya wananchi kwa maandishi. Si lazima wakili. Elezeni jambo, semeni mmeenda ofisi gani na mlijibiwa nini, semeni mnataka nini kifanyike, tieni majina na sahihi.

Tahadhari moja. Wakati mwingine mtu mkubwa atakuja na kusema, achaneni na karatasi, mimi nitawachimbia mtaro kwa pesa yangu. Mkikubali, mshukuruni, lakini karatasi ipelekwe vilevile. Mtaro wa hisani ukiziba hauna fundi.

Ofisi yetu ya maendeleo iko tayari kukaa na kikundi chochote kinachotaka kuandika ombi lake kabla ya Agosti. Tunachoomba ni mje mkiwa mmekwisha kupima. Kamba ya kawaida inatosha, na mtoto wa darasa la saba anajua kuandika mita. Njooni na katibu, kitabu cha kumbukumbu, na watu wawili ambao nyumba zao ziko pale pale maji yanapoingia.